Mwizi Mdogo wa Kata ya Brickfields

Kura za Kata ya Brickfields tulizihesabu kwenye meza namba saba, chini ya goli la mpira wa kikapu, mimi na Mavis Oddy na akina mama wengine wanne. Watu walipiga kura Alhamisi, sisi tukakaa kuhesabu Ijumaa asubuhi, kama kawaida ya mji wetu. Ukumbi ni ule wa michezo ulioungana na bwawa la kuogelea, kwa hiyo matokeo yetu yote hutoka yakinuka dawa ya maji. Nimehesabu humo chaguzi kumi na nne na sijaona mshindi hata mmoja aliyenukia vingine.

Diwani wetu alikuwa Royston Pugmire. Alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili kwenye kiti hicho, na ukiniuliza alifanya nini muda wote huo nitakujibu bila kumwonea: alinyoosha kidole. Kila uchaguzi, karatasi yake ya kampeni ikipenyezwa mlangoni, ilikuwa na picha yake amesimama kando ya shimo la barabara, amelinyooshea kidole, uso ameukunja kama mfiwa. Shimo la mbele ya duka la samaki na chipsi, pale Tanner Street, amelinyooshea kidole mara sita. Shimo halikuona haya, liliendelea kukua. Vyoo vya sokoni vilipofungwa, alivinyooshea kidole. Maktaba ilipobakiziwa siku mbili kwa wiki, alikwenda siku ya tatu akaunyooshea kidole mlango uliofungwa, na picha hiyo watu walisema imetoka vizuri.

Lakini mwaka huu hakuwa na habari na udiwani. Alikuwa na habari na mkufu. Meya wa mji wetu hachaguliwi na wananchi, wala hana amri hata juu ya pipa la taka. Madiwani hupeana umeya kwa zamu, mwaka mmoja mmoja, na aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake ndiye anayefuata. Kazi yake ni kuvaa joho jekundu lenye manyoya na mkufu wa dhahabu, kupakiwa kwenye gari jeusi, kukata utepe, na kula chakula cha mchana cha watu wengine. Zamu ilikuwa imemfikia Pugmire. Wiki mbili baada ya Ijumaa ile angevishwa, mradi tu awe bado ni diwani. Akianguka Brickfields, zamu inampita, na kwa umri wake haitamrudia.

Mkewe, Jeanette, alikuwa ameshanunua kofia. Ilikuwa ya zambarau, pana kama sinia, na juu yake kulikuwa na kitu mfano wa ndege aliyegongwa na gari. Alikuja nayo ukumbini ndani ya boksi lake la duara, akaliweka kwenye benchi la wachezaji, na kila aliyepita akamfunulia kifuniko. Walisema nzuri. Watu wa mji huu ni waongo wenye adabu.

Mpinzani hasa alikuwa Lorna Scaife, mwenye saluni ya kuosha na kunyoa mbwa. Kwenye kampeni alijiita binti wa Brickfields, na mara mbili nilimkuta kwenye kona ya mtaa wetu anasoma ramani. Wagombea wengine wawili, Dunkley na Lumb, siwaharibii wino: Dunkley hakuja kabisa, na Lumb alikuja akala biskuti zetu akaondoka saa nne kasoro. Waliokuja wote walikuwa na yale maua makubwa ya kitambaa kifuani, kila mtu na rangi ya chama chake. Rangi siwatajii, maana zote huchuja.

Kuhesabu kwenyewe si kazi ya akili. Unavaa kifuniko cha mpira kwenye kidole, unapanga karatasi ishirini na tano ishirini na tano, unafunga kila bunda kwa raba. Wagombea husimama ng'ambo ya meza. Wanaruhusiwa kutazama, hawaruhusiwi kugusa, na Pugmire alikuwa anatupumulia kichwani kuanzia saa tatu.

"Hiyo ni yangu," alimwambia Mavis.

"Najua ni yako, mpenzi. Nimeiweka kwako."

"Umeiweka polepole."

"Ningeirusha ingepasuka."

Zile zenye utata sisi hatuziamui. Karatasi isiyo na msalaba mmoja safi mbele ya jina tunaiweka kwenye trei, na msimamizi huwaita wagombea washuhudie anavyoiamua. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Anil Kotecha, mtu mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, asiyewahi kuonekana ana haraka. Sheria anayoifuata ni moja na ni nyepesi: nia ya mpiga kura ikionekana, kura ni halali, hata kama badala ya msalaba amechora ng'ombe.

Trei yetu ilikuwa na karatasi kumi. Mbili zilikuwa tupu. Tatu zilikuwa na misalaba miwili. Mbili zilichorwa viungo vya mwili nisivyovitaja, na Mavis alisema mchoraji ana kipaji ila kumbukumbu imeanza kumtoka. Moja ilikuwa barua ndefu kuhusu mapipa ya taka kuchukuliwa kila wiki ya tatu. Moja iliandikwa "hakuna hata mmoja". Ya kumi ilikuwa na herufi nzuri zilizosimama wima, kwa ile penseli inayofungwa kamba kwenye kibanda cha kupigia kura. Mahali pa kuweka msalaba, mbele ya kila jina, mpiga kura alikuwa ameandika. Kwa Dunkley: Mwizi. Kwa Lumb: Mwizi. Kwa Pugmire: Mwizi mdogo. Kwa Scaife: Mwizi.

"Na hii?" Bwana Kotecha aliuliza.

Scaife alicheka. Pugmire hakucheka. Alivuta koti lake chini, akalisawazisha ua lake.

"Matusi hayo," alisema. "Mimi si mwizi, si mkubwa si mdogo. Itupe."

"Hatutupi, Mheshimiwa. Tunaikataa."

"Basi ikatae vizuri."

Bwana Kotecha akaiweka upande wa zilizokataliwa pamoja na zile tisa. Muhuri hakugonga. Mihuri yeye huigonga yote kwa pamoja mwisho wa kazi.

Saa tano na nusu tukawa tumemaliza. Brickfields ina watu elfu tisa na ushei walioandikishwa, na waliotoka nyumbani hawakufika elfu mbili na mia moja. Waliobaki ndio watakaolalamika zaidi, nawajua kwa majina. Bwana Kotecha aliwasomea wagombea hesabu kwa sauti ya chini kabla ya kutangaza, kama inavyotakiwa. Scaife, mia nane kumi na mbili. Pugmire, mia nane kumi na moja.

Sijawahi kuona uso ukishuka namna ile. Ulishuka wote kwa pamoja, mashavu na masharubu, kama pazia lililokatika kamba. Kisha akageuka akatazama boksi la kofia.

"Zihesabiwe tena," alisema.

"Ni haki yako," Bwana Kotecha akasema.

Tukafungua raba zote. Hapa lazima niseme ukweli juu ya Mavis, maana yeye mwenyewe anaueleza kila mahali. Mavis huficha mapajani mkate uliojazwa mayai na majani. Sheria inakataza kula mezani, na Mavis anasema njaa haijasoma sheria. Bunda la kumi na nne la Pugmire lilipofunguliwa, karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa yai, tumezihesabu kama moja. Ndiyo maana asubuhi tulipungukiwa karatasi moja kwenye hesabu ya jumla, na Bwana Kotecha akasema huenda mtu kaitia mfukoni kaenda nayo kwake, maana hilo hutokea kila mwaka. Aliinusa ile karatasi, akamtazama Mavis kupitia miwani ya puani, halafu kupitia ile ya kichwani.

"Majani ya haradali," Mavis akasema. "Hayana madhara."

Basi zikawa sawa. Mia nane kumi na mbili kwa mia nane kumi na mbili.

Bwana Kotecha aliwaita wawili wale kwenye meza yetu. "Mmelingana," alisema. "Kura zikilingana sheria inanipeleka kwenye bahati. Naandika majina mawili, natia kwenye kisanduku, natoa moja. Nitakalolitoa ndilo la diwani."

"Toa," Scaife alisema. Sauti ilikuwa kavu lakini alisema.

Mtu mwenye haya naye angesema toa. Nusu kwa nusu, bila aibu kwa yeyote. Aliyeshindwa anaweza kusema hadi kufa kwake kwamba alishindwa na karatasi iliyokunjwa. Pugmire alisogea karibu. Alitazama kisanduku, akatazama benchi alikokaa mkewe, akatazama tena kisanduku. Nilimwona akipima ule mkufu kwenye mizani, upande mmoja mkufu, upande wa pili yeye mwenyewe, na nikaona upande wake mwenyewe ukipanda juu kwa wepesi.

"Ile karatasi," alisema.

"Karatasi ipi?"

"Ile... mojawapo ya zile ulizozikataa. Yenye maandishi."

"Zenye maandishi ni tatu, Mheshimiwa. Ya mapipa ya taka?"

"Hapana."

"Ya 'hakuna hata mmoja'?"

"Hapana, Bwana Kotecha. Unaijua."

"Naomba uitaje, nisije nikakosea."

"Ile ya wezi," Pugmire akasema.

Wa meza namba sita, wenye kata nyingine, wakaacha kuhesabu. Bwana Kotecha akaitoa karatasi, akailaza mbele yetu, akainyoosha kwa kiganja.

"Asubuhi ulisema ni matusi."

"Asubuhi sikuisoma vizuri."

"Ina maneno matano."

"Nilikuwa na mambo mengi kichwani. Sasa nimetulia." Akakohoa kidogo, akaanza kuongea kama anavyoongea kwenye kikao, huku akinyoosha kidole, safari hii kwenye karatasi. "Nia ya mpiga kura inaonekana waziwazi. Ametulinganisha. Ameona wezi watatu wa kawaida na mmoja mdogo. Ukiambiwa uchague mwizi wa kumwachia ufunguo, utamchagua mdogo. Mtu yeyote angemchagua mdogo. Kwa hiyo amenichagua mimi."

Nimesikia watu wakijitetea kwamba si wezi. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akijitetea kwamba ni wa saizi ndogo.

Scaife aliinama juu ya karatasi. "Bwana Kotecha, huyu anakuzungusha," alisema. "Mpiga kura amesema wote ni wezi, basi. Hiyo 'mdogo' ni umbo lake. Ameongeza maelezo asije akachanganywa na mwizi mwingine. Mtazame mwenyewe."

Mavis akaninong'oneza, "Hapo ana hoja."

"Funga raba," nikamwambia.

Lazima mjue kwamba Pugmire ni mfupi. Brickfields nzima inajua isipokuwa yeye. Visigino vya viatu vyake fundi wa Tanner Street huvijenga tabaka juu ya tabaka, kama keki ya harusi, na akitembea kwenye sakafu ya mbao unafikiri farasi kaingia.

"Mimi ni mtu wa urefu wa kati," alisema. "Futi tano na inchi saba."

"Ukiwa umesimama juu ya nini?" Scaife akauliza.

"Juu ya miguu yangu."

"Ile pale nguzo ya mpira wa vinyoya ni futi tano na inchi moja. Imeandikwa. Kasimame."

"Mheshimiwa," Bwana Kotecha akasema, "mimi sipimi watu hapa. Nasoma karatasi tu."

Lakini alikuwa ameshaondoka. Alivuka mistari yote ya uwanja, ya njano na ya bluu na ya kijani, akafika ukutani zilikoegemezwa nguzo, akainama akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue viatu. Nadhani aliogopa Scaife atavitaja. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitoka nje kutazama kuna nini. Akasimama sambamba na nguzo, kidevu juu, mbele ya meza kumi na nane na waandishi wawili wa magazeti. Kichwa kiliipita nguzo kwa upana wa vidole viwili, na kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa nywele.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kwake kama tungecheka.

"Mdogo," Scaife alisema kwa upole, kama anavyowaambia mbwa wake wasitingishike. "Umbo."

Pugmire akarudi na soksi zake, viatu mkononi. Kila hatua nilidhani sasa basi, sasa atasema piga hiyo bahati tumalize. Aliviweka viatu mezani kwetu, juu ya mabunda ya Lumb.

"Sawa," alisema. "Mimi ni mfupi."

Naambiwa hakuwahi kulisema hilo hata kwa daktari.

"Lakini mfupi si mdogo, Bwana Kotecha. Huyu mtu ni msomi, ona herufi zake. Angetaka kusema mfupi angesema mfupi. Amesema mdogo. Na neno alilolibandikia mdogo ni mwizi. Kwa hiyo kilicho kidogo hapo ni wizi."

"Kwa hiyo unakiri wizi?" Scaife akauliza.

"Nakiri udogo wake."

Bwana Kotecha alivua miwani ya puani akaifuta kwa tai. "Nina neno moja lenye njia mbili," alisema. "Bibi Scaife ananipeleka huku, Mheshimiwa ananipeleka kule. Kama hakuna la zaidi, nitaona kwamba nia haisomeki, nami nitarudi kwenye kisanduku."

Ndipo Jeanette akaja. Alikuja na boksi la kofia kifuani, amelikumbatia kwa mikono miwili, na akasimama mbele ya msimamizi kama shahidi.

"Mimi nimeishi na huyu miaka thelathini na tisa," alisema. "Kama ni mwizi, ni mdogo. Njoo uone jiko langu."

"Mama, sidhani kama jiko..."

"Kabati ni lilelile la siku tuliyohamia. Mlango wa kushoto nimeufunga kwa kamba ya viatu. Diwani wa kata ya pili ameongeza chumba cha vioo nyuma ya nyumba, wanakunywa chai humo wakitazama bustani, na yule ana miaka minane tu kwenye kiti. Minane. Huyu ana ishirini na miwili, na sisi tukitaka kutazama bustani tunashika mwavuli."

"Ahsante, Jeanette," Pugmire akasema.

"Sijamaliza. Tangu achaguliwe ameleta nyumbani kalamu za halmashauri, na mvinyo chupa mbili wakati wa Krismasi, na moja ilikuwa imeshafunguliwa."

"Inatosha, mpenzi."

"Na karatasi za chooni, lakini ile ilikuwa mwaka ule zilipoadimika, kila mtu alichukua."

"Jeanette."

"Nakusaidia, Royston. Unataka kuwa mdogo au hutaki?"

Pugmire akashusha macho kwenye soksi zake. Scaife naye alikuwa amebadilika rangi. Ilimfikia taratibu kwamba kuna mtu anapanda ngazi na ngazi yenyewe ni mgongo wake.

"Kwa hiyo akiwa yeye ndiye mdogo," alisema, "mimi nakuwa mkubwa? Sijawahi hata kukaa kwenye hicho kiti."

"Bado hujapewa nafasi tu," Mavis akasema, kwa sauti ambayo mhesabu kura hatakiwi kuwa nayo.

Bwana Kotecha akamnyooshea Mavis kalamu bila kumtazama, na Mavis akarudi kwenye raba zake. Kisha msimamizi aliinamia karatasi muda mrefu. Nilifunga raba kwenye mabunda matano akiwa bado ameinama. Alipoinuka alikuwa na miwani yote miwili puani, mmoja juu ya mwingine.

"Kwa wagombea watatu, neno ni lilelile," alisema. "Kwa mmoja limepunguzwa. Mtu hapunguzi neno bila sababu. Jana mvua ilinyesha tangu asubuhi, na sidhani kama mtu atatoka kwenye mvua, atembee mpaka shuleni kupiga kura, aingie kibandani, ili anieleze umbo la diwani ambaye mji mzima umeshamwona. Naichukua kama upendeleo. Kura hii ni ya Pugmire."

Jeanette akalipapasa boksi lake.

"Ila," Bwana Kotecha akaendelea, "uamuzi wa namna hii hauendi bila sababu ya maandishi, na mtasikia ninachoandika. 'Imekubaliwa, kwa kuwa mpiga kura anamwona mgombea Pugmire kuwa mwizi kwa kiasi kidogo kuliko wenzake.' Kuna pingamizi?"

"Lipo," Scaife akasema.

"Nimelisikia tangu mwanzo, Bibi Scaife, na nimelikataa. Mheshimiwa?"

Pugmire alifikiri. Nilidhani hatimaye haya imepata njia ya kuingia, hata kama ni kupitia lile tundu la soksi.

"Andika 'kwa kiasi kidogo sana'," alisema.

"Haikuandikwa sana."

"Basi sina pingamizi."

Karatasi ile niliiweka mimi kwa mkono wangu juu ya bunda la mwisho la Pugmire. Mia nane kumi na tatu.

Walipanda jukwaani saa saba na robo, Pugmire amerudishia viatu vyake. Jukwaa ni zile mbao za mazoezi zilizotandikwa zulia. Bwana Kotecha akatangaza majina kwa mpangilio, na kura za kila mmoja, na kwamba Royston Pugmire amechaguliwa kihalali kuwa diwani wa Kata ya Brickfields. Watu wa chama chake wakapiga makofi. Watu wa chama cha Scaife wakapiga makofi pia, maana hapa kwetu hata mwizi akitajwa kwa jina kamili hupigiwa makofi. Pugmire akashika kipaza sauti, akakishusha kidogo. Alisema anaipokea imani ya wananchi kwa unyenyekevu mkubwa. Alisema wananchi wa Brickfields hawakosei. Alisema wamemjua kwa miaka ishirini na miwili na leo wamesema kwa sauti moja jinsi wanavyomwona, na hapo Mavis ikabidi ainame chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Scaife alishuka bila kumpa mkono. Nilimsikia mlangoni akimwambia mwandishi wa gazeti kwamba yeye ameshindwa na kivumishi, na mwandishi akamwomba arudie, hakujua neno hilo linavyoandikwa.

Sisi tulibaki kufunga. Karatasi zote za kata hurudi kwenye masanduku, zilizokubaliwa na zilizokataliwa kila moja na bahasha yake, tunafunga utepe, tunabandika lakiri, naandika jina la kata kwa kalamu nene kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka. Nilikuwa kwenye herufi ya tatu ya Brickfields nilipoona ua la kitambaa limesimama mbele yangu.

"Hizi zinachomwa lini?" Pugmire aliuliza. Aliongea kwa chini, akitabasamu kwa mtu aliyekuwa akipita.

"Hazichomwi, Mheshimiwa. Zinawekwa."

"Zinawekwa wapi?"

"Ghorofa ya chini kabisa ya Ukumbi wa Mji. Kile chumba cha chini ya ofisi ya Meya."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka mmoja kutoka leo. Halafu zinasagwa."

Akahesabu kwa vidole, kwa siri, mkono ameubana kwenye paja. "Na mimi navishwa baada ya wiki mbili."

"Unavishwa baada ya wiki mbili, unavua Mei ijayo, wiki mbili baada ya hizi kusagwa," nikamwambia. "Mtakuwa jengo moja, wewe juu na ile karatasi yako chini. Ila yenyewe itamaliza muda kabla yako."

Nilitaka nione kama litamwuma. Niliacha hata kuandika ili nimtazame vizuri. Kutoka kwenye benchi Jeanette alikuwa anamwita, mpiga picha amefika, kofia imeshavaliwa, na yule ndege juu yake ameegemea upande mmoja.

"Kwa hiyo wiki mbili za mwisho," Pugmire alisema, "haitakuwepo tena."

"Haitakuwepo."

"Wiki mbili si haba," alisema, na akaonekana ameridhika kweli, akalinyoosha ua lake, akaenda kupigwa picha.